Karatasi ya maabara haimtaji aliyechepuka

Wadau, tangu juzi magrupu ya WhatsApp yanazungusha picha ya majibu ya maabara, eti ni ya staa mmoja wa kike wa Bongo Muvi, jina kapuni. Majibu yanaonesha HSV-2 IgG chanya. Watu wameshatoa hukumu: dada kachepuka, ndoa ya miezi minane kwisha habari yake.

Mimi nasema tulieni kwanza. Hiyo karatasi haisemi mnachokisema.

HSV-2 ndiyo kirusi kinacholeta malengelenge ya sehemu za siri mara nyingi. IgG ni kingamwili, yale maaskari ambayo mwili huyatengeneza baada ya kukutana na kirusi. Kipimo kinawaona askari tu, hakimjui aliyemleta adui wala siku aliyoingia. Mtu anaweza kukaa nacho miaka bila hata kipele kimoja. Kwa hiyo huenda kilikuwepo kabla ya ndoa, au huenda kaletewa na mumewe. Tena WHO linakadiria kuwa watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wanacho. Hao wote wamechepuka?

Halafu kipimo chenyewe hukosea. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba vipimo vya damu vya HSV-2 vinaweza kuleta majibu chanya ya uongo. Ndiyo maana majibu hayo, hasa yakiwa ya kiwango cha chini, yanatakiwa kurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine. Na ukipima mapema mno unaweza kuambiwa huna wakati unacho, maana kingamwili zinaweza kuchukua hata wiki 12 au zaidi kuonekana.

Ukiona kidonda, wahi hospitali kikiwa bado kibichi. Daktari anapangusa majimaji kwa kijiti chenye pamba, maabara inatafuta kirusi chenyewe na aina yake. Hapo angalau unajua kidonda kimeletwa na nini. Nani kakupa, bado hutajua.

Kwangu mimi mwenye kesi ni aliyepiga picha majibu ya mgonjwa akayarusha mtandaoni. Huyo mbona hamumsemi?

Haya, ungekuwa wewe ndiye mume, ungeanza na talaka au ungeenda kupima na wewe? Tiririka kwenye komenti, ila matusi hapana.