Mwalimu wa Mganda Kaandikwa "Wengineo"

Wenzangu wa kalamu, leo naiweka riwaya yangu pembeni kidogo, maana nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na hizi semina za muziki za wakati wa likizo. Shule zikifungwa mwezi wa sita watoto hukusanywa ukumbini au parokiani, wanaletwa walimu kutoka mjini na kinanda chao, na kwa siku tano au kumi kijiji kizima kinaimba do-re-mi. Ni jambo jema, sikatai. Kijana anayepiga ngoma saa nane mchana hayupo kijiweni. Lakini katika semina hizo wanafundisha watu wa aina mbili. Mmoja anaitwa mwezeshaji, mwingine anaitwa "mzee wetu". Mwezeshaji ana posho. Mzee wetu ana soda.

Na huyo mzee anafundisha nini? Hapa Mkumbi, kama ilivyo kwenye milima ya Mbinga na kushuka hadi ziwani, Liuli na Mbamba Bay, atafundisha mganda. Wasioujua wanadhani ni kurukaruka tu. Mganda ni gwaride! Chimbuko lake ni beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, kisha ikasambaa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Terence Ranger, mwanahistoria Mwingereza, aliichapishia hiyo beni kitabu kizima mwaka 1975. Wanaume hujipanga mistari, wana sare, wana filimbi, wana vyeo vya kijeshi, wana ngoma kubwa ya kutikisa kifua. Ng'ambo ya ziwa, kule Malawi, ndugu zao wanapuliza vibuyu vinavyolia kama tarumbeta na ngoma yenyewe wanaiita malipenga. Wanawake nao wana kioda chao. Karibu miaka mia moja mambo haya yamepita mkono kwa mkono bila chuo, bila cheti, bila mfadhili. Hebu niambieni, kitu kinafikaje miaka mia bila mwalimu?

Nimekaa nikawatazama wakifundisha. Mtoto mgeni hapewi ngoma. Kwanza anautamka mdundo kwa mdomo mpaka ulimi uuzoee. Halafu miguu. Kwenye mstari anawekwa katikati ya wawili wanaojua, akikosea, bega la jirani linamrudisha. Fimbo ya kupigia anaishika mwisho kabisa, wakati ambapo hawezi tena kupotea hata akitaka. Wasomi wa ualimu wangeliita jambo hilo "mbinu shirikishi" na kuliandikia andiko la kuombea fedha.

Sasa sikilizeni. Mwaka juzi niliitwa kwenye semina mojawapo, sisemi wapi wala ya nani, nikaandike mahudhurio, kwa kuwa nina mwandiko na kidato cha nne nilimaliza. Siku ya mwisho ikaja karatasi ya malipo. Wawezeshaji watatu, majina yao juu, kiasi mbele, sahihi. Dereva, jina na kiasi. Yule mzee aliyewafundisha vijana mganda siku zote tano nikamtafuta, nikamkosa. Chini kabisa nikakuta neno "wengineo", na mbele yake: vinywaji.

Na ulikuwa msimu wa kahawa, jamani. Anayetoka Mbinga anajua maana yake. Matunda yakiiva hayangoji semina iishe. Mzee alimlipa kibarua amchumie ili yeye aje kufundisha watoto wa watu. Kwa hesabu ya haraka haraka, yeye ndiye aliyekuwa mfadhili.

Nikamwendea. "Shikamoo baba. Mbona hudai?"

"Marahaba mwanangu." Akacheka. "Nikidai, watasema ngoma nauza."

Kauli hiyo iliniuma kuliko hiyo soda. Nani alimwingizia mzee kasumba hii? Mwenye kinanda akilipwa anafanya kazi, mwenye ngoma akilipwa anauza mila! Mila ina tumbo pia. Mila inanunua sare za shule na mbolea.

Watasema hana cheti. Haya. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ilimba na zeze alijifunzia kwao, hakuna chuo kilichompa. Hata hivyo alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chuo cha serikali kilichoanza mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Alipofariki mwaka 2003, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza ilikuwa imeshatoa albamu zake. Huyo naye mngemwandika "wengineo"?

Au nendeni Unguja. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianza mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilikuwa katika jengo la zamani la forodha pale Mji Mkongwe. Pale mpigaji wa ganuni, udi au fidla aliyelelewa na taarabu aliingia darasani akiitwa mwalimu. Sisemi ni peponi. Mwaka 2019 dunia nzima ilisoma kwamba chuo kiko hatarini kufungwa: wafadhili wamepunguza mkono, wanafunzi wengi hawamudu ada, na walimu wamekaa miezi bila mishahara kamili. Lakini tazama tofauti. Kule mwalimu alikuwa na mshahara wa kucheleweshwa. Wa huku kwetu hana hata deni la kudai.

Wapo watakaojificha nyuma ya kanisa, kwamba semina ni ya kwaya na mambo ya ngoma ni nyongeza tu ya kuchangamsha watu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika waraka wake wa liturujia wa tarehe 4 Desemba 1963, ibara ya 119, unataka muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima yake, na wamisionari wafundwe vizuri kimuziki ili waweze kuukuza, shuleni na katika ibada. Shuleni na katika ibada. Sasa nyie mmeipeleka wapi? Kwenye kufungua na kufunga, mgeni rasmi akishuka kwenye gari.

Wala sina chuki na do-re-mi. Njia hiyo ya kuandika nyimbo kwa herufi ilianza Uingereza kwa mwanamke aitwaye Sarah Glover, wa Norwich, aliyekuwa akitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto kuimba, kisha mchungaji John Curwen akaieneza. Ni kitu cha watu wa kawaida, ndiyo maana kwaya zetu zimekishika vizuri namna hii. Wala sina chuki na wawezeshaji. Mmoja wao, dada wa kutoka Dar, kila jioni alikaa chini ya mzee akajifunza mdundo, mikono ikamvimba, na siku zote alimwita "mwalimu". Wenzake wawili walikuwa wamelala nyumba ya wageni.

Mtauliza haya yanawahusu nini watunga hadithi. Yanatuhusu sana tu. Ni nani kati yenu hajaambiwa, "lete mashairi yako tutakutangaza"? Unaandika igizo la sherehe usiku kucha kwa kibatari, mwenye spika analipwa, mwenye maturubai analipwa, mwenye maneno anapigiwa makofi matatu ya kilo. Tunanung'unika kijiweni, kisha mzee wa mganda anapopewa Fanta tunapiga makofi na sisi. Huo ni unafiki.

Kwa hiyo enyi waandaaji, ambao mnaanza kuandika bajeti mapema maana fedha ya likizo huombwa mapema, ongezeni mstari mmoja. Uandikeni hivi: mwalimu wa ngoma, siku tano, kiwango kile kile cha mwezeshaji, pamoja na fidia ya kibarua wa kahawa kama semina ni ya mwezi wa sita. Jina lake kamili liwe juu, pamoja na ya wenzake. Na kama fedha zinatosha walimu watatu tu, basi kutoka mjini leteni wawili.