TUSITOZE HURUMA

Simu za mkononi zilipoanza katika Tanzania mwaka 1994 zilikuwa za wenye nazo. Tangu mwaka 2008 mfanyakazi wa mjini aweza kuwapelekea wazee wake fedha kwa simu, bila kumbembeleza dereva wa basi achukue bahasha. Ni dhahiri basi kwamba soko hili kubwa limejengwa kwa haba na haba za wanyonge.

Julai 2021 Serikali ilianza kutoza fedha zitumwazo na zitolewazo kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Wananchi walilalamika, na mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kusikia huko twakusifu, lakini funzo lisisahauliwe. Shule na zahanati twazitaka, na kulipa kodi ni wajibu. Bali mshahara uliokwisha kukatwa kodi si haki ukatwe tena unapokwenda kumlisha mzazi. Itozwe faida ya makampuni. Kutuma fedha kukiwa ghali, wananchi watairudia bahasha, na soko litasinyaa.