Daftari la Basari Lifunguliwe

Septemba 1959, wanafunzi 81 kutoka Kenya walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Aliyewatafutia nafasi hizo, Tom Mboya, hakuwa na digrii. Alikuwa amesomea ukaguzi wa afya, kisha akasoma kwa muda katika chuo cha Ruskin, Oxford. Wafadhili wa Marekani walilipia ndege, na vijiji navyo vikachanga kwa harambee, karamu za chai na ngoma. Mwaka uliofuata Wangari Maathai, mzaliwa wa kijiji cha Ihithe kule Nyeri, akapitia mpango huohuo hadi Kansas. Kufikia 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu.

Kizazi hicho ndicho kilichojaza ofisi za taifa jipya. Waliobaki nyumbani wakaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili mwaka 1970, wakasomeshwa na serikali na kupewa posho juu yake. Posho hiyo waliiita "boom". Mtoto wa mkulima aliyefaulu mtihani hakuhitaji kumjua mtu yeyote.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1991 wanafunzi walianza kuchangia gharama, na mwaka 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikaundwa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa masomo ya kujilipia: kijana ambaye alama zake hazikutosha kupata udhamini wa serikali katika kozi kama sheria au udaktari aliweza kuingia, mradi mzazi ana pesa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ila tangu hapo, baba aliyesomeshwa kwa kodi za wakulima aliweza kumrithisha mwanawe si shamba na nyumba tu, bali pia kiti cha darasani ambacho mtoto wa mkulima mwenye alama za juu zaidi hakuweza kukinunua.

Mwaka 2023 kikaja mfumo mpya wa ufadhili. Waliodhaminiwa na serikali walikuwa wakilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Sasa gharama kamili ya kozi ikatangazwa, na ya udaktari ikapita shilingi 600,000. Wanafunzi waligawanywa katika makundi kulingana na uwezo wa familia, na wengi wakalalamika kwamba wamewekwa kundi la wenye nacho ilhali kwao hakuna kitu. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa mwaka huohuo, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu. Kwa wengi wao kilichobaki ni swali la karo.

Hapo ndipo basari, yaani msaada wa karo unaotoka kwa mfuko wa mbunge au wa kaunti, inapopata nguvu zake, na hapo ndipo wananchi wanapaswa kuingilia kati.

Fomu ya basari ina safari ndefu. Mzazi huitafutia muhuri wa chifu, saini ya shule au chuo, barua ya mchungaji au imamu, nakala za vitambulisho, na cheti cha kifo ikiwa mtoto ni yatima. Kila nakala inalipiwa kwenye duka la fotokopi. Fomu ikishapokelewa, kimya. Baada ya muda jukwaa linajengwa uwanjani, mbunge anainua hundi kubwa ya kadibodi, watu wanapiga makofi. Jumla imejulikana. Kisichojulikana ni wangapi waliomba, wangapi walikosa, kila wadi ilipata kiasi gani, na kamati ilitumia kigezo gani kumpa huyu na kumnyima yule. Mzazi aliyekosa huambiwa ajaribu tena mwaka ujao, na mwenye jamaa kwenye kamati hapangi foleni.

Pesa hizo ni za umma. Hazina ya Maeneobunge, NG-CDF, iliyoanzishwa 2003, hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali ya kitaifa na kugawiwa maeneobunge yote 290. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria yake kuwa kinyume cha Katiba na kuipa hazina hiyo hadi tarehe 30 Juni 2026 kufunga kazi. Kesi za namna hii huendelea kwa rufaa, na kaunti nazo zimekuwa zikitoa basari zake. Yeyote atakayeshika mfuko, swali la mwananchi ni lilelile.

Na jibu anaweza kulidai. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Mwombaji halazimiki kueleza sababu, na asiyejua kuandika husaidiwa na afisa wa ofisi hiyohiyo kuliweka ombi lake kwenye karatasi.

Basi kila wadi iandike ombi kwa ofisi inayogawa basari. Vikundi vya akina mama, vyama vya wanafunzi wa zamani, misikiti, makanisa na vikao vya wazazi viulize mambo manne: idadi ya walioomba, idadi ya waliopewa, kiasi kwa kila wadi na kwa kila ngazi ya masomo, na vigezo vilivyotumika. Majina yasiombwe, hakuna haja ya kuanika umaskini wa mtoto ukutani ili kumbana mkubwa. Barua ibebe saini nyingi, ili asiwepo mzazi mmoja wa kutishwa kwamba mwanawe atakatwa. Ofisi ikikataa, suala lipelekwe kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Waliosomeshwa na umma wana deni la ziada. Wenye mikopo ya HELB na kazi walipe, maana kinachorudishwa ndicho hukopeshwa wanaofuata. Mawakili, walimu na wahasibu waliotoka vijijini warudi wikendi moja, wakae na wazazi, waandike barua hiyo pamoja nao, kisha wasome majibu na kukagua hesabu kabla ya kamati kukaa tena kugawa fedha za muhula unaofuata.