Nani hajui saa?



Kila asubuhi sisi wakubwa wa wanafunzi tunasimama kwenye mlango wa masomo, daftari ya wachelewaji mkononi. Kengele ya saa moja na nusu ikilia, mlango unafungwa, na jina la yule anayebaki nje linaandikwa. Hatuulizi mengi. Tunaangalia saa ya mkono, tunaandika. Daftari ile inatupa heshima na, tuseme kweli, inatupa kiburi kidogo. Mtu akishika saa anafikiri ameshika na akili.

Robo hii mambo yametokea ambayo yametutia haya mbele ya daftari yetu wenyewe. Tunataka kuyasema wazi katika gazeti hili, kwa maana kosa lilikuwa letu na wengine walililipa.

Ilikuwa hivi. Wazazi waliitwa kwenye mkutano wa minerval siku ya Jumamosi. Karatasi ilitoka kwa Kifaransa, imeandikwa 9 heures. Sisi finaliste tukapewa kazi ya kuigeuza kwa Kiswahili, sababu wazazi wengi hawasomi Kifaransa. Tukaandika upesi upesi: « Jumamosi, saa 9. » Watoto wakapeleka nyumbani, wakasoma kwa sauti kama vile ilivyoandikwa: saa tisa. Wazazi waliosoma walitambua kosa bila kuuliza mtu, wakaja asubuhi. Bamama wengine waliuza kwanza sokoni, wakarudi, wakaoga, wakavaa kikwembe cha kanisa, wakafika saa tisa ya mchana. Kamili! Mkutano ulikuwa umekwisha tangu saa tano.

Walisimama katika uwanja mtupu, na karibu nasi mtu akasema: « Bazazi hawa habajue saa. » Wanafunzi wakacheka. Na sisi tukacheka.

Mmoja kati ya bamama wale alikuja kuomba alipe deni polepole, kidogo kila wiki ya soko. Hakupata mtu wa kumwambia neno lile. Jumatatu mtoto wake alirudishwa nyumbani, akakaa huko wiki mbili, akakosa majaribio matatu. Mama yule hakuchelewa hata dakika moja. Alifuata karatasi yetu kuliko sisi wenyewe tulivyoifuata.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: nani hajui saa?

Angalieni saa ya ukuta. Saa tatu ya asubuhi ikifika, mshale mdogo uko kwenye 9. Saa moja, uko kwenye 7. Saa tano, kwenye 11. Kila mara mtu wa Kiswahili anasoma namba ya upande wa pili, ile inayotazamana na mshale. Hakuna mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya ubao kutufundisha jambo hilo. Tumelipata jikoni, kwa mama, mbele ya kujua kuandika jina. Mtoto wa miaka mitano wa Butembo anafanya hesabu ile bila kujua kwamba ni hesabu.

Na hesabu yenyewe si ya ushamba, kama wengine wanavyofikiri. Inafuata jua. Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero. Hapa mchana una saa kumi na mbili na usiku saa kumi na mbili, mwaka mzima, tofauti ni ya dakika chache tu. Jua likitoka tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza tena. Ni hesabu ile ile ya Biblia. Someni Matayo 20: mwenye shamba la mizabibu anatoka kutafuta wafanyakazi saa tatu, saa sita, saa tisa, mpaka saa kumi na moja. Wa saa kumi na moja ni wale walioanza kazi jua likikaribia kuzama, na kila mama wa hapa anaelewa hivyo mara moja, wakati msomaji wa Kifaransa anahitaji maelezo chini ya ukurasa. Katika Matendo 2 Petro anajibu kwamba watu hawawezi kuwa wamelewa, ni saa tatu tu ya mchana. Ni saa tatu yetu, si ya 3 heures. Kama bamama wale hawajui saa, basi na Petro hakuijua.

Sasa tuingie nyumbani. Tutasema habari ya nyumba moja tunayoijua vizuri, ya kwetu. Lakini tunaamini nyumba nyingi za mji huu zinafanana nayo.

Mama aliacha masomo darasa la tatu. Hasomi barua. Lakini kichwani mwake mna saa tano. Ya kwanza ni ya hapa. Ya pili ni ya Kinshasa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa moja, sababu inchi yetu ina saa mbili: magharibi moja, mashariki ingine. Habari za saa mbili ya usiku za Kinshasa, kwetu ni saa tatu, na mama anajua mpaka dakika gani bugali lazima liwe limekwisha ili baba asikilize kwa utulivu. Ya tatu ni ya Uganda. Dada yake mkubwa anakaa Beni na anafuata bidhaa Kasindi, kilomita kama 80 kutoka Beni. Ukivuka daraja la Lubiriha kwenda Mpondwe, saa moja inaruka mbele. Hata simu ikishika mtandao wa ng'ambo inajiruka yenyewe, na mtu asiyejua anafikiri imeharibika.

Saa ile moja si mchezo. Tangu Oktoba 2014 watu wameuawa katika eneo la Beni kwa namna ambayo hatuna haja ya kuieleza hapa, kwa maana kati yetu kuna wanaoishi kwa jamaa sababu ya mambo hayo. Barabara ya Kasindi nayo imemwaga damu. Siku moja dada wa mama alikubaliana na dereva upande wa Mpondwe: « Tunatoka saa nane. » Yeye alifikiri saa nane ya Congo. Dereva alisema saa nane ya Uganda, ambayo kwetu ni saa saba. Gari likaondoka bila yeye. Mama, huku Butembo, alipopigiwa simu hakulia wala hakupiga kelele. Alihesabu: sasa ni saa nane na nusu, gari lingine litajaa saa kumi, giza litamkuta njiani. Akamwambia: « Lala Kasindi. Usipande. » Akalala Kasindi. Baba, mwenye diploma, alikuwa bado anatafuta simu ya kumuuliza mtu.

(Baba atusamehe. Anajua kwamba ni kweli.)

Saa ya ine ni ya China. Mjomba wetu anafanya biashara na watu wa Guangzhou, kama wafanyabiashara wengi wa Butembo, na mama njo anamkumbusha wakati wa kupiga simu. China iko mbele yetu kwa saa sita. Kumbe ile sita ni sawa na sita ya Kiswahili! Hapa ikiwa saa tatu ya asubuhi, kule saa zao za mkono zinaonyesha 3 ya mchana. Hapa saa tano, kule 5. Mama aliligundua mwenyewe, akatuambia kwa kucheka: « Bachina banahesabu kama siye. » Tulikataa. Tukachukua kalamu, tukafanya hesabu, tukakuta mama ana haki. Tulikuwa tumesoma jiografia miaka sita, na hakuna aliyewahi kuliona.

Ya tano ndiyo inayosumbua, kwa maana haitulii. Kaka yetu mkubwa yuko Ubelgiji. Kule wanageuza saa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasukuma mshale saa moja mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaurudisha. Desturi ile ilienea Ulaya wakati wa vita, Ujerumani ikaanza mwaka 1916 ili kupunguza matumizi ya taa za jioni. Kwao siku za joto jua linakawia sana kuzama. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kwamba desturi iachwe, lakini mataifa hayakupatana wabaki na saa gani. Basi siku za joto saa ya Bruxelles ni sawasawa na ya Butembo. Siku za baridi inakuwa sawa na ya Kinshasa. Mama anasema kaka yetu anahamia Kinshasa kila Oktoba na anarudi Butembo kila Machi. Mwaka wa kwanza, baba alingoja simu ya Jumapili saa moja nzima akiwa na hasira, akifikiri mtoto ametusahau. Mama aliuliza tu: « Hapana kwamba bamerudisha saa yabo? »

Tunayasema haya kwa sababu katika option yetu ya pedagojia tumefundishwa habari za akili na namna ya kuipima. Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na mwenzake Simon walitunga mtihani wa kutambua watoto wanaohitaji msaada katika masomo. Kati ya maswali yake kulikuwa na moja juu ya saa: mtoto aseme itakuwa saa ngapi kama mishale miwili ingebadilishana mahali. Tulipolisoma tulitazamana. Kugeuza uso wa saa kichwani, bila kuigusa! Ni kazi ya kila siku ya mama kwenye makaa.

Kisha akaja Howard Gardner, mwalimu wa Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1983. Alisema akili si moja. Alihesabu saba: ya maneno, ya hesabu, ya kuona umbo na mahali, ya muziki, ya mwili na mikono, ya kuelewa watu, ya kujielewa mwenyewe. Nyuma akaongeza ile ya kutambua viumbe na mimea. Wataalamu wengine wanambishia, wanasema hivyo ni vipaji tu, akili ni moja. Sisi hatuna uzito wa kuamua. Lakini tunauliza kwa nini katika buleteni yetu kuna pointi za Kifaransa na za hesabu, na hakuna hata pointi moja ya yule anayejua, kwa sauti tu ya mtu kwenye simu, kwamba inafaa alale Kasindi.

Kuna wenzetu waliosoma maneno haya kabla hayajachapwa, wakatuambia: mnasifu ujinga. Examen d'État haifuati jua, inafuata 7 na 8 za karatasi, na anayekosea anabaki nje. Ni kweli. Hatutaki mtu atoke hapa bila kujua saa zote mbili. Wala hatutaki kudanganya juu ya mama. Kutosoma kumemuumiza. Amewahi kutia kidole kwenye karatasi ya deni ambayo hakujua inasema nini, na hesabu zote za kichwani hazikumwokoa siku ile. Anatusukuma tusome kwa sababu anajua bei yake. Lakini kukosa kusoma ni jambo moja, kukosa akili ni jambo lingine, na sisi siku ya mkutano tuliyachanganya, tukacheka.

Kwa hiyo tuliomba ruhusa kwa wakubwa wa masomo, tukakubaliwa. Kila tangazo la Kiswahili linalotoka mikononi mwa wanafunzi sasa litaandikwa saa kwa maneno, pamoja na sehemu ya siku, na namba ya Kifaransa pembeni. Wanafunzi wa darasa la kwanza wanaotoka vijijini, wakifika wamechelewa kwa sababu ya kuchanganya 7 na saa saba, wataelezwa mara ya kwanza, hawataandikwa. Yule mwenzetu aliyerudishwa nyumbani amerudi kalasi. Tumemkopesha daftari zetu, na majaribio mawili atayafanya tena.

Tulikwenda pia kumsalimu mama yake, jioni, watatu. Tulimwambia « Wasibire », tukakaa, tukaeleza kosa letu. Hakukasirika. Alitupa viazi na chai. Tulipomweleza habari ya saa kwa maneno na namba pembeni, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: « Ni muzuri. Lakini muandike na jua iko wapi. »

Tumemsikiliza. Mkutano wa wazazi unaokuja: Jumamosi, saa tatu ya asubuhi (9h00), jua likiwa bado upande wa kutokea.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya finaliste