Kaya Magan si jina la mtu

Katika vitabu vingi vya shule, orodha ya wafalme wa Ghana ya kale huanza na mtu aitwaye Kaya Magan, mwanzilishi. Mwaka wa utawala wake hubadilika kitabu kwa kitabu, lakini yeye hatoki mahali pake. Mimi nasoma lugha, si historia. Hata hivyo nadai kwamba mstari huo wa kwanza unatuhusu sisi wa lugha kabla ya wengine, kwa sababu kosa lililomo ni la lugha.

Jina hilo limetufikia kupitia vitabu vya Timbuktu. Tarikh al-Sudan, alichokiandika al-Sa'di katika karne ya 17, kinamweka Kaya Magan kuwa mfalme wa kwanza wa nchi ile. Tarikh al-Fattash kinaongeza jambo ambalo watunga orodha wameliruka: kinafasiri neno lenyewe. Maana yake, kinasema, ni mfalme wa dhahabu. Labda fasiri hiyo ni ya kubahatisha, kama zilivyo fasiri nyingi za majina. Lakini inatosha kuonyesha kwamba watu wa eneo lile walilisikia neno hilo kama cheo, na cheo hakina mwaka wa kuzaliwa.

Mkanganyiko huu una umri mrefu. Al-Bakri wa Andalusia, aliyeandika mwaka 1068 bila kufika huko mwenyewe, alieleza wazi kwamba Ghana ni cheo cha wafalme na kwamba nchi yao inaitwa Awkar. Kisha akamtaja mfalme wa siku zake: Tunka Manin. Hapo mwanaisimu hucheka kidogo, kwa kuwa hadi leo tunka ni neno la Kisoninke lenye maana ya mfalme. Yaani mwandishi anayetufundisha kutofautisha cheo na jina ameandika cheo ndani ya jina.

Tusimcheke sana. Huku kwetu Walunda humwita mfalme wao Mwant Yaav, na anayerithi kiti hurithi na neno. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliandika Muata Yanvo, na msomaji wao hakujua kama huyo ni mtu, ni cheo au ni nchi. Najua mtu atanijibu kwa mfano huohuo: katika mapokeo ya Walunda, Yaav alikuwa mtu kwanza, ndipo jina lake likawa cheo. Sawa, huenda Kaya Magan naye alikuwa hivyo. Basi anayedai hivyo alete ushahidi, asitupe tarehe tu.

Naligombania jambo hili kwa sababu cheo kilipogeuzwa mtu, mtu huyo alitafutiwa baba. Al-Sa'di aliandika kwamba wafalme wa kwanza walikuwa na asili ya watu weupe. Maurice Delafosse, mtawala wa kikoloni na mtaalamu wa lugha, akaichukua sentensi hiyo katika kitabu chake cha 1912 na kuwapa waanzilishi asili ya Wayahudi na Washamu. Hivyo dola ya Wasoninke ikawa na waasisi wasio Wasoninke, na wazo hilo likafundishwa kwa miaka mingi.

Na Wasoninke wenyewe walikuwa na jibu lao. Nchi wanaiita Wagadu, na masimulizi ya geseru, mafundi wao wa kumbukumbu, huanza na Dinga. Dinga alitoka mashariki, akazunguka, akapambana na majini, akaoa. Alipozeeka akawa kipofu, na mwanawe mdogo, Diabe Sisse, akamdanganya akapata baraka iliyokuwa ya kaka yake. Diabe ndiye aliyeingia Wagadu na kufunga mkataba na nyoka Bida: kila mwaka msichana mmoja, na nyoka ataleta mvua na dhahabu. Anayesoma Biblia atamkumbuka Isaka mara moja, na safari kutoka mashariki inanukia Uislamu. Sisemi basi kwamba hii ni historia safi.

Lakini linganisheni na al-Bakri. Yeye anasema Tunka Manin alimrithi mjomba wake Basi, kwa kuwa huko mtoto wa dada ndiye aliyerithi: mfalme ana hakika na mtoto wa dada yake, hana hakika na wake mwenyewe. Katika hadithi ya Dinga urithi unatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na tena kwa hila. Mimi naona hapo alama ya watu waliobadili namna ya kurithi, wakamwambia mwanzilishi wao abebe mzigo wa mabadiliko hayo. Swali hilo lina nyama kuliko mwaka wowote wa Kaya Magan, na katika somo la fasihi simulizi hatulipi hata saa moja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili madogo. Tunapotafsiri kwa Kiswahili, tuandike "kaya magan wa Wagadu" kwa herufi ndogo, kama tunavyoandika "sultani wa Zanzibar". Na mtihani ukiuliza ni nani aliyeianzisha Wagadu, mwanafunzi anayejibu "Dinga na Diabe, kwa masimulizi ya Wasoninke" apewe alama zake zote.