Kimbweta cha kusikilizana

Najua nimepotea siku nyingi, majaribio yalitubana kwelikweli. Leo habari za bumu na foleni ya kafeteria naziweka kando. Nataka tuongelee jambo ambalo hapa kampasi tunalisema kwa kunong'ona tu: wenzetu wanaofika mahali pa kutaka kujiua.

Hoja yangu ni moja. Tukikaa kusubiri daktari wa akili ndiye aje atuokoe, tutasubiri sana. Madaktari hao ni wachache nchi nzima, na wengi wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, au Mirembe kule Dodoma. Mtu anayezidiwa na mawazo saa sita usiku bwenini hayuko Mirembe. Yuko kitanda cha juu, na wewe uko kitanda cha chini.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya watu wa mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Umri huo ni wa nani kama si wetu?

Sasa sikieni ya Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari wa akili wa Harare, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyeshindwa kurudi hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Nauli tu, jamani! Mwaka 2006 akaanza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa wauguzi wala wanasaikolojia. Walifundishwa kusikiliza, wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Tatizo walilisema kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo yale yale tunayosema sisi, "fulani ana mawazo"? Mgonjwa anataja matatizo yake, anachagua moja, wanapanga pamoja hatua ya kwanza. Aliye kwenye hatari kubwa anapelekwa kwa wataalamu. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopita kwa bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika hadi Zanzibar.

Na sisi mabenchi tunayo! Vimbweta vimejaa kampasi nzima. Tunavitumia kwa diskasheni na kula mihogo. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kuvikalia kwa kazi hii.

Wapo watakaosema ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utamtia wazo. Si kweli, utafiti umeshalijibu hilo. Kumuuliza waziwazi, kwa upole, mara nyingi kunampa nafasi ya kutua mzigo. Wengine watasema aombewe. Tuombe, sina ugomvi, ila tumsindikize na zahanati pia. Unayeona anagawa vitu vyake, anaaga aga, au anasema "bora nisingekuwepo", usimwambie ajikaze. Kaa naye, usimwache peke yake, mweke mbali na chochote cha kujidhuru, mwite mtu mzima unayemwamini. Akikuomba uitunze siri hiyo, mwambie wazi kwamba hii huwezi. Heri akununie akiwa hai.

Kikwazo kingine ni sheria. Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mtu aliyenusurika atatafutaje msaada huku anawaza polisi? Wenzetu Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Ghana walikifuta mwaka 2023. Wadau mnaosoma sheria, hapo ndipo penu, msituangushe.

Sisi wa ualimu ndio hatuna pa kukwepea kabisa. Kesho kutwa tunapangiwa shule ambazo hazina mshauri nasaha hata mmoja. Mtoto aliyefeli, aliyefiwa, anayepigwa nyumbani, mtu wa kwanza kumwona ni mwalimu wa darasa. Kama hapa chuo hatujui kumsikiliza mwenzetu aliyedisko, kule tutamsikiliza nani?

Pendekezo langu: serikali yetu ya wanafunzi iombe ofisi ya mshauri wa wanafunzi na zahanati ya chuo wafundishe watu wawili kila bweni, msichana na mvulana penye mchanganyiko. Wasiwe madaktari, wawe masikio, na wajue ni nani wa kumpigia usiku. Gharama yake haifiki hata ya bonanza moja.

Na wewe unayesoma hapa huku moyo mzito, usingoje pendekezo lipite. Mgongee mtu mlango leo leo, au nenda zahanati. Hutakuwa umemsumbua mtu.

Haya wadau, nimesema yangu. Tukutane vimbwetani.