Mlango Wazi, Ngazi Hakuna

Rafiki yangu mmoja, mshairi, aliniuliza juzi huku anacheka: "We mwalimu wa fasihi, seva zinakuhusu nini? Si utafsiri tu maneno, ya ndani uwaachie wenyewe?" Siku ile nilimjibu vibaya. Leo nimjibu vizuri, maana najua hayuko peke yake.

Chukua MediaWiki, programu huria inayoendesha Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Maneno ya kwenye vitufe na maonyo yake hutafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia translatewiki.net. Huhitaji kusimika chochote, unafungua kivinjari unaandika. Safi kabisa. Jumbe hizo zina chombo cha kuchagua umoja au wingi kufuatana na namba, na kingine cha kuchagua jinsia ya mtumiaji. Hicho cha jinsia kinawafaa Wafaransa na Waarabu. Sisi hatuna kazi nacho, "amehariri" ni amehariri. Sisi tuna ngeli. Sasa fikiria programu yoyote ambayo aliyeiandika ameunga ujumbe kwa vipande: nafasi tupu, halafu kitenzi cha kufuta. Nafasi ile inaweza kujazwa na ukurasa, kitabu au picha. Umefutwa, kimefutwa au imefutwa? Mtafsiri hata awe gwiji hapo atakwama, kwa sababu kosa limo kwenye msimbo. Wa kulirekebisha ni yule aliyesimika programu nzima kwenye mashine yake, akaivunja na kuijenga upya. Basi seva zinatuhusu, tena sana.

Nikajaribu. Sikuanza na MediaWiki, nilianza na programu nyingine ya seva ambayo jina lake nalihifadhi. Mwongozo uliahidi dakika 10. Dakika 10 za nani, jamani? Bando langu liliisha kabla Docker haijamaliza kushusha vifurushi vyake, umeme ukakatika, nikaanza tena kesho yake. Baadaye sana nikajua kwamba Git inaruhusu kushusha hali ya sasa ya mradi bila historia yake yote. Kwa mtu anayehesabu megabaiti, hiyo ilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya mwongozo. Haikuwemo.

Usiku wa tatu seva ikagoma kuwaka. Inadai faili fulani halipo. Faili lipo! Naliona kwa macho yangu mawili, nalifungua, nalisoma, na bado naambiwa halipo. Nilikaribia kulia. Kumbe kisa ni mwisho wa mstari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, moja ya kurudi mwanzo na moja ya kushuka chini, urithi wa taipureta. Linux humaliza kwa ile moja ya kushuka tu. Git yangu iliongeza alama ya ziada wakati wa kushusha, na ndani ya kontena la Linux alama hiyo ikasomwa kama herufi ya mwisho ya jina la programu inayotakiwa kuiendesha hati. Programu yenye jina hilo haipo duniani, ndiyo maana ikasema haipo.

Sasa nawageukia wenzangu wa kalamu. Tumebishana miaka mingapi kama ni tarakilishi au kompyuta, kipakatalishi au kompyuta mpakato? Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Istilahi zikapatikana, maisha yakaendelea. Kinachotuhangaisha sasa ni nathari: maelezo marefu, yenye subira, ya mtu anayemshika mwenzake mkono hatua kwa hatua. Hiyo ni kazi ya mwandishi, na ni ngumu kuliko hadithi fupi. Msomaji akipotea kwenye hadithi yako anafunga kitabu. Akipotea kwenye mwongozo anajiona mjinga, na harudi.

Nanyi mafundi, acheni kutuimbia kwamba mlango uko wazi. Leseni inanipa haki ya kubadilisha msimbo, sawa, nashukuru. Haki hiyo huanza kufanya kazi siku seva inapowaka mezani kwangu, si siku mliyoichapisha leseni. Najua mtasema Kiingereza ndiyo lugha ya kazi hii. Amri zibaki Kiingereza, sina ugomvi. Ila kueleza kwa nini faili lililopo linaitwa halipo, hayo ni maelezo tu, na nimeyamaliza hapo juu kwa Kiswahili bila kutoka jasho.

Nimeandika kurasa sita za mwongozo, nikazituma kwa wenye mradi pamoja na mstari mmoja wa mpangilio unaoizuia ile alama ya ziada (unakaa kwenye faili la .gitattributes, kwa atakayetaka). Mstari umepokelewa. Kurasa zimekwama, zinasubiri mtu mwingine anayejua Kiswahili azihakiki.

Mshairi, nimewapa jina lako.